Mtihani wa vitendo wa kemia: jinsi ya kujiandaa, hatua kwa hatua

Kila muhula maswali ni yale yale. Bureti isomwe hadi desimali ngapi? Flaski nisuuze na nini? Mashapo meupe yameyeyuka, sasa hii ni zinki au alumini? Nikikosea kusoma, nifute? Mwongozo huu unayajibu kwa mpangilio utakaouhitaji: wiki za kabla ya mtihani, kazi yenyewe mezani, na mwisho namna ya kujiokoa mambo yakiharibika.

Jambo moja lishike tangu sasa. Msahihishaji hakuoni ukifanya kazi, anaona karatasi tu. Unaweza kuwa na mkono mwepesi kuliko wote darasani, lakini ukiandika 24.5 mahali pa 24.50, ukasahau kizio, au ukaandika "kaboni dayoksaidi" kwenye safu ya ulichokiona, alama hazipo. Kwa hiyo kila zoezi lifanye kwa mkono na kalamu pamoja, hata kama ni zoezi la dakika kumi.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Muhtasari wa mtihani wako, ujue mada zinazotahiniwa. Kwa kawaida ni taitresheni (kudondoshea myeyusho mmoja kwenye mwingine hadi mmenyuko ukamilike, ili ujue ukolezi), uchambuzi wa chumvi isiyojulikana, na kasi ya mmenyuko au joto la mmenyuko.
- Karatasi za vitendo za miaka iliyopita, tano au zaidi, pamoja na majibu yake ukiyapata.
- Daftari moja la vitendo, penseli iliyochongwa, rula ndefu, karatasi za grafu, na kikokotozi kile kile utakachoingia nacho. Usibadilishe kikokotozi wiki ya mwisho.
- Koti la maabara, miwani ya kinga, viatu vilivyofunika vidole.
- Nafasi maabara ya kugusa vifaa: bureti ya 50 cm³, pipeti ya 25 cm³ au 20 cm³ na mpira wake wa kuvutia, flaski za koni, faneli, kigae cheupe, testitubu na kishikio chake, kipimajoto, saa ya kuhesabu sekunde.

Kama kemikali ni haba, kusoma bureti, kutumia pipeti na kufungua koki tone kwa tone unaweza kujifunza kwa maji matupu. Majedwali na grafu hazihitaji maabara kabisa. Ila usijaribu kuchanganya kemikali nyumbani.

Wiki za kabla ya mtihani

1. Chora majedwali bila kuangalia popote. Jedwali la taitresheni lina mistari mitatu: usomaji wa mwisho, usomaji wa mwanzo, ujazo uliotumika. La uchambuzi wa chumvi lina safu tatu: nilichofanya, nilichoona, hitimisho. Rudia hadi lichorwe kwa dakika moja na kila kichwa kiwe na kizio chake.

2. Jifunze vipimo vya ioni kwa njia ya maswali, usikariri orodha. Jiulize: mashapo ni ya rangi gani? Yanayeyuka NaOH ikizidi? Na amonia ikizidi? Maswali hayo matatu yanakufikisha kwenye katayoni (ioni chanya) nyingi za sekondari. Anayekariri orodha kuanzia juu hadi chini hukwama pale jaribio la tatu linapokuja la kwanza.

3. Fanya karatasi nzima kwa muda wa mtihani, ukijiwekea saa mezani. Wengi hujua kila kipengele lakini hawajawahi kukifanya kikiwa kimebanwa na kingine.

4. Unaposoma swali, pigia mstari kila namba na kila neno la kiasi: "tone kwa tone", "hadi izidi", "pasha moto taratibu", "2 cm³". Maneno hayo ndiyo jaribio lenyewe. Ukiyaruka utaona kitu tofauti na alichokitegemea mtunga swali.

Taitresheni

5. Suuza kila chombo na kinachostahili. Bureti isuuze kwa maji yaliyokenekwa, kisha mara mbili kwa 5 cm³ hivi za myeyusho utakaoingia humo, ukiuruhusu utokee kwenye ncha ya chini. Pipeti vivyo hivyo, kwa myeyusho wake. Flaski ya koni ni kwa maji yaliyokenekwa peke yake.

   Hapa ndipo wengi wanapoteleza. Tuseme asidi iko kwenye bureti na alkali kwenye flaski. Maji yakibaki ndani ya bureti yanazimua asidi, na utahitaji asidi nyingi zaidi kufika kikomo, yaani pale rangi ya kiashiria inapobadilika. Flaski ikisuuzwa na alkali, matone yanayong'ang'ania ukutani ni alkali ya ziada juu ya ile 25.00 cm³ uliyopima, na ujazo unapanda tena. Lakini maji ndani ya flaski hayana madhara: moli ulizotia kwa pipeti ni zile zile hata ukiongeza maji.

6. Jaza bureti kupita sifuri kidogo, toa faneli, kisha fungua koki kwa nguvu mara moja ili ncha ijae na mapovu ya hewa yatoke. Faneli ikisahaulika juu itadondosha matone katikati ya kazi, nawe hutajua ujazo umetoka wapi. Si lazima kuanzia 0.00. Ukianzia 0.60 na ukaandika 0.60, hakuna kosa. Kuhangaika dakika mbili kuitafuta sifuri ni kujichosha bure.

7. Soma kwa jicho lililo usawa na kimiminika, ukiweka karatasi nyeupe nyuma ya bureti. Uso wa kimiminika umebonyea. Soma chini kabisa ya mbonyeo. Bureti ya kawaida ina mistari ya kila 0.1 cm³, na katikati ya mistari miwili unaweza kukadiria nusu tu. Ndiyo maana usomaji una desimali mbili na tarakimu ya mwisho ni 0 au 5. 24.5 haijakamilika, 24.53 inadai usahihi ambao bureti haina. Sifuri nayo huandikwa 0.00.

   Kwa potasiamu pamanganeti mbonyeo hauonekani kwa sababu ya rangi nzito ya zambarau. Hapo soma ukingo wa juu, mwanzo na mwisho vilevile.

8. Pima kwa pipeti ukitumia mpira wa kuvutia, kamwe si mdomo. Vuta hadi kupita alama, panguza nje, kisha shusha taratibu mpaka mbonyeo uguse alama. Ndani ya flaski, acha myeyusho utiririke wenyewe, halafu gusisha ncha kwenye ukuta wa flaski. Tone dogo litakalobaki ndani ya ncha liache: pipeti ilipimwa kiwandani likiwa limehesabiwa. Ukilipuliza umezidisha.

9. Tia matone mawili au matatu ya kiashiria, idadi ile ile kila mara. Kiashiria chenyewe ni asidi dhaifu au besi dhaifu, kwa hiyo kukimimina ni kubadilisha jibu. Asidi kali na kabonati: tumia methaili oranji. Asidi dhaifu na alkali kali: fenofthalini. Kali kwa kali, chochote kati ya hivyo kinafaa. Pamanganeti ni kiashiria chake yenyewe.

10. Fanya jaribio la makadirio kwa haraka, 1 cm³ kwa 1 cm³, ujue kikomo kiko wapi. Liandike kwenye jedwali, ila haliingii kwenye wastani.

11. Sasa majaribio ya kweli. Kama makadirio yalikuwa 25.00, achia haraka hadi kama 22, kisha punguza koki mpaka tone moja moja, huku mkono wa pili ukizungusha flaski juu ya kigae cheupe. Matone yaliyoruka ukutani yashushe kwa maji yaliyokenekwa. Utaona wekundu wa methaili oranji ukitokea pale tone linapoanguka na kupotea ukizungusha; kadiri unavyochelewa kupotea ndivyo kikomo kinavyokaribia. Simama rangi ya chungwa inapobaki. Ikiwa nyekundu umepitiliza. Fenofthalini, asidi ikiwa kwenye bureti, hutoka waridi na kuwa haina rangi kwa tone moja, haikupi onyo refu.

12. Andika pale pale kwa kalamu. Jedwali lililokamilika ni hivi:

| | Makadirio | 1 | 2 | 3 |
|---|---|---|---|---|
| Usomaji wa mwisho (cm³) | 25.00 | 24.50 | 48.95 | 24.55 |
| Usomaji wa mwanzo (cm³) | 0.00 | 0.00 | 24.50 | 0.00 |
| Ujazo uliotumika (cm³) | 25.00 | 24.50 | 24.45 | 24.55 |

   Majibu matatu yamekaribiana ndani ya 0.10 cm³, basi wastani ni (24.50 + 24.45 + 24.55) ÷ 3 = 24.50 cm³. Andika jumla hiyo na ugawaji wake. Kuandika jibu peke yake hakuonyeshi ulitumia namba zipi. Ukipata moja limetengana na wenzake, liache kwenye jedwali, usilitie kwenye wastani. Usipike namba tatu zinazofanana: mwalimu hufanya jaribio hilo hilo kwa kemikali hizo hizo, na jibu lako hulinganishwa na lake.

13. Kokotoa kwa hatua, kila mstari na kizio chake. Tuseme pipeti ilikuwa na 25.00 cm³ za Na₂CO₃ yenye 5.3 g kwa lita, na bureti ilikuwa na HCl.

   - Na₂CO₃ + 2HCl → 2NaCl + H₂O + CO₂
   - Ukolezi wa Na₂CO₃ = 5.3 ÷ 106 = 0.05 mol/dm³
   - Moli za Na₂CO₃ = 0.05 × 25.00 ÷ 1000 = 0.00125
   - Moli za HCl = 2 × 0.00125 = 0.0025
   - Ukolezi wa HCl = 0.0025 × 1000 ÷ 24.50 = 0.102 mol/dm³

   Kosa linaloongoza hapa ni ile 2 ya mlinganyo. Ukiisahau utapata 0.051, na hesabu iliyobaki yote itakwenda nayo.

Uchambuzi wa chumvi

14. Anza na macho. Buluu au kijani kibichi huelekeza kwenye shaba, kijani hafifu kwenye Fe²⁺, manjano au kahawia kwenye Fe³⁺. Nyeupe inakuambia kwamba hao watatu huenda hawapo, na hilo nalo ni hitimisho linaloandikwa.

15. Pasha moto chumvi kidogo, ncha ya spatula tu, ndani ya testitubu kavu. Kabla hujawasha moto, ziwe tayari karatasi za litimasi zilizoloweshwa, pamoja na kijiti cha mbao, kwa sababu gesi haisubiri utafute. Elekeza mdomo wa testitubu mahali pasipo na mtu. Gesi ya kahawia ni dalili ya nitrati. Mabaki ya manjano yakiwa ya moto na meupe yakipoa ni oksaidi ya zinki. Kwa hiyo subiri yapoe kabla ya kuandika. Unga mweupe unaoganda juu kwenye ukuta wa baridi huashiria chumvi ya amonia. Kijiti chenye kaa kikiwaka tena, kuna oksijeni. Harufu inusie kwa kupunga hewa kwa kiganja kuelekea puani, usiinamie testitubu.

16. Yeyusha chumvi iliyobaki, ukijiwekea theluthi yake kavu kama akiba. Spatula moja kwa 10 cm³ za maji yaliyokenekwa inatosha. Usitumie maji ya bomba: mara nyingi yana kloraidi, na kipimo cha fedha nitrati kitakuletea ukungu mweupe usio wa chumvi yako. Isipoyeyuka kwenye maji, jaribu asidi ya nitriki iliyozimuliwa. Nitriki huchaguliwa kwa sababu haiingizi kloraidi wala salfati, na nitrati karibu zote huyeyuka. Gawa myeyusho kwenye testitubu nne au tano, 2 cm³ kila moja, kabla ya kuanza kipimo chochote.

17. Katayoni. Kwenye sehemu ya kwanza tia NaOH tone kwa tone, tikisa, angalia. Endelea hadi izidi. Sehemu ya pili fanya hivyo hivyo kwa amonia. Unachosoma ni hiki:

   - Buluu, kwa amonia ikizidi yanayeyuka na kuwa buluu iliyokoza sana: Cu²⁺.
   - Kijani kichafu, hayayeyuki, juu yanageuka kahawia yakikaa hewani: Fe²⁺.
   - Kahawia-nyekundu, hayayeyuki: Fe³⁺.
   - Meupe, yanayeyuka NaOH ikizidi: Zn²⁺, Al³⁺ au Pb²⁺.
   - Meupe, hayayeyuki NaOH ikizidi: Ca²⁺ au Mg²⁺. Kwa amonia, magnesi huleta mashapo meupe, kalsi haileti.
   - Hakuna mashapo: pasha moto. Gesi ikigeuza litimasi nyekundu iliyolowa kuwa buluu, ni NH₄⁺.

   Kundi la meupe yanayoyeyuka ndilo linalosumbua. Amonia ndiyo mwamuzi: mashapo ya zinki huyeyuka amonia ikizidi, ya alumini na risasi hubaki. Kisha risasi na alumini hutenganishwa kwa potasiamu ayodaidi: risasi hutoa mashapo ya manjano mazito, alumini haitoi kitu. Tatizo la wengi si kujua haya. Ni kwamba walianza na nusu testitubu ya myeyusho, wakatia matone kumi ya NaOH, wakaandika "hayayeyuki". NaOH haikuzidi hata kidogo. Anza na 1 cm³, tia matone, kisha ongeza NaOH hadi ujazo uwe mara tatu, ukitikisa kila mara.

18. Anayoni (ioni hasi). Kwenye chumvi kavu tia asidi iliyozimuliwa. Mapovu yakitoka, pitisha gesi kwenye maji ya chokaa. Yakigeuka meupe kama maziwa kuna kabonati. Kama hakuna mapovu, chukua myeyusho:

   - Salfati: asidi ya HCl iliyozimuliwa, kisha bariamu kloraidi. Mashapo meupe.
   - Kloraidi: asidi ya nitriki iliyozimuliwa, kisha fedha nitrati. Mashapo meupe yanayoyeyuka kwenye amonia.
   - Nitrati: feri salfati (ile ya Fe²⁺) iliyotengenezwa muda huo huo, inamisha testitubu, kisha teremsha asidi ya salfuriki iliyokolea kwenye ukuta, polepole. Pete ya kahawia hutokea pale vimiminika viwili vinapokutana. Ukitikisa, pete haipo tena.

   Angalia asidi unayotumia. Ukitafuta kloraidi huku umetia HCl, umeiingiza mwenyewe. Ukitafuta salfati kwa kutia salfuriki, ni hivyo hivyo.

19. Andika ulichoona, si ulichokifikiria. Safu ya uchunguzi haina majina ya kemikali mapya. Hayo yanakaa kwenye hitimisho.

| Hupotezi alama tu, unazitupa | Andika hivi |
|---|---|
| CO₂ ilitoka | Mapovu yalitoka kwa kasi; gesi isiyo na rangi iligeuza maji ya chokaa kuwa meupe |
| Myeyusho ni safi | Myeyusho hauna rangi |
| Yaliyeyuka | Mashapo meupe yaliyeyuka NaOH ilipozidi, ukabaki myeyusho usio na rangi |
| (nafasi wazi) | Hakuna mashapo |

   "Safi" na "isiyo na rangi" si kitu kimoja: myeyusho wa shaba salfati ni safi na una rangi ya buluu. Na kutotokea kwa kitu ni uchunguzi halali wenye alama zake. Kwenye hitimisho andika "huenda ni Zn²⁺, Al³⁺ au Pb²⁺" kipimo kinapokuwa bado hakijaamua, na "Zn²⁺ imethibitika" pale tu kipimo cha mwisho kimeamua.

Kasi ya mmenyuko

20. Jaribio linalorudi mara nyingi ni la sodiamu thayosalfeti na HCl, ambapo msalaba uliochorwa kwenye karatasi chini ya bika hupotea kwa ukungu wa salfa. Jaza jedwali la ujazo kwanza: thayosalfeti 50, 40, 30, 20, 10 cm³, maji 0, 10, 20, 30, 40 cm³, asidi 5 cm³ kila mara. Jumla haibadiliki. Maji yapo ili ukolezi wa thayosalfeti ubadilike huku kina cha kimiminika kikibaki kile kile. Bila hivyo unapima kina, hupimi kasi.

21. Asidi iingie mwisho, na saa ianze papo hapo. Tumia bika ile ile, msalaba ule ule, jicho la mtu yule yule. Kila baada ya jaribio mwaga haraka na suuza bika vizuri: salfa inayobaki ukutani hufanya msalaba upotee mapema, na salfa dayoksaidi inayotoka hukereketa mapafu. Fungua madirisha, hasa mwenye pumu akiwepo.

22. Kokotoa 1/t, ambapo t ni muda wa msalaba kupotea, kwa tarakimu tatu zenye maana. Sekunde 25 hutoa 0.0400, sekunde 31 hutoa 0.0323. Ukiandika 0.04 na 0.03 nukta za grafu zitakaa mahali pa ajabu.

23. Grafu: vipimo vya mhimili vichukue zaidi ya nusu ya karatasi, kila mhimili na jina na kizio, nukta kwa misalaba midogo ya penseli. 1/t dhidi ya ukolezi huwa mstari ulionyooka. Uchore kwa rula upite katikati ya nukta, usiunganishe nukta kwa nukta. Mteremko ukitakiwa, chora pembetatu kubwa na uonyeshe namba ulizosoma.

Kwa jaribio la magnesi na asidi, sugua utepe kwa msasa kwanza. Oksaidi iliyoufunika huchelewesha mwanzo na kuharibu muda.

Joto la mmenyuko

24. Tumia kikombe cha plastiki, si bika ya kioo, kwa kuwa kioo hunywa joto. Pima joto la miyeyusho yote miwili na utumie wastani. Changanya, koroga, andika joto la juu kabisa. Kisha Q = m × 4.2 × ΔT, ambapo Q ni nishati ya joto kwa jouli, ΔT ni nyuzi zilizopanda, na m ni masi ya mchanganyiko wote: 50 cm³ na 50 cm³ ni gramu 100, si 50. HCl na NaOH za 1 mol/dm³ kwa ujazo huo hupandisha joto karibu nyuzi 7 au pungufu kidogo. Ukipata 3, ulichelewa kusoma. Kama joto limepanda, badiliko la joto la mmenyuko lina alama ya kutoa.

Siku yenyewe

25. Soma karatasi yote kabla ya kugusa chupa. Linganisha lebo za chupa na majina kwenye swali. Kama kuna kitu cha kusubiri, kama vile kuyeyusha au kuchuja, kianzishe kwanza. Kosa la usomaji likatwe kwa mstari mmoja, liandikwe sahihi pembeni. Kufutafuta kwa kifutio huleta shaka. Ukiacha michanganyiko ya thayosalfeti, usimwage myeyusho wowote hadi hesabu zimalizike.

Mambo yakiharibika

*Ujazo unaongezeka kila jaribio.* Bureti inavuja kwenye koki, au flaski unaisuuza na alkali. Angalia ncha: ikidondoka koki ikiwa imefungwa, omba bureti nyingine mapema.

*Rangi haibadiliki kabisa.* Kiashiria kimesahaulika, au miyeyusho imebadilishana. Tia tone moja la kila myeyusho kwenye litimasi ujue ipi ni asidi.

*Waridi ya fenofthalini inafifia baada ya muda, alkali ikiwa kwenye bureti.* Kaboni dayoksaidi ya hewani imeingia. Ikidumu nusu dakika ukizungusha, hicho ndicho kikomo.

*Pamanganeti inaleta uchafu wa kahawia.* Asidi ya salfuriki haikutosha ndani ya flaski. Jaribio hilo haliokolewi, anza upya.

*Maji ya chokaa yalikuwa meupe, yakarudi kutokuwa na rangi.* Gesi imepita nyingi mno na mashapo yameyeyuka. Andika yote mawili kwa mpangilio uliouona.

*Kwenye kipimo cha moto, ambapo chumvi huchomwa kwenye ncha ya waya, kila chumvi inatoa moto wa manjano.* Waya una sodiamu. Uchovye kwenye HCl iliyokolea, uchome, rudia hadi moto usibadilike rangi, ndipo uchukue chumvi. Potasiamu ni zambarau hafifu, kalsi nyekundu ya matofali, shaba buluu-kijani.

*Nukta moja ya grafu iko mbali.* Rudia jaribio hilo moja kama muda upo. Kama haupo, ichore ilipo, izungushie duara, na mstari upite bila kuifuata.

*Vipimo viwili vinapingana.* Amini kile ulichokifanya kwa myeyusho kidogo na kwa testitubu iliyosuuzwa. Kirudie kingine kwa ile akiba uliyoiweka.

*Dakika kumi zimebaki na una ujazo mmoja tu wa kweli.* Fanya jaribio moja zaidi ukitumia makadirio kama mwongozo. Linachukua dakika tatu. Majibu mawili yanayokaribiana yanatosha kutoa wastani, kisha ingia kwenye hesabu moja kwa moja. Hesabu ikikosa muda wa kumalizika, andika mlinganyo uliosawazishwa na hatua ya moli kwanza, kwa sababu alama hutolewa kwa kila hatua.